Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kamba Zetu Zinakatikia Wapi

Ndugu wanachama, wazazi wa vijana wetu, na wageni mliofika,

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Katiba ya chama chetu cha upinde na mishale yataka mwenyekiti asome taarifa kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Kumbukumbu za vikao anazo katibu, atakaye azisome. Mambo ya kawaida nitayapitia mbio, kisha nitakaa kwenye jambo moja lililotutoa fedha mwaka mzima na ambalo nusura litutoe jicho la mtoto: kamba za pinde kukatika.

Uwanja bado ni ule wa kuazima, na tunawashukuru wenyewe kwa subira. Maboma ya shabaha yaliyooza kwa mvua za masika tumeyabadilisha. Vijana wameongezeka, wasichana hasa, na ukiwauliza kilichowaleta wengi watakutajia Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ingawa baadhi yao wakati huo walikuwa hawajajua hata kufunga viatu. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Wasiolipa wanajijua, na mweka hazina anawajua zaidi.

Sasa kamba.

Msimu huu zimekatika nyingi kuliko msimu wowote niliouona tangu nishike kiti hiki. Kwanza tulilaumu jua, kisha muuzaji, kisha kila mtu akamlaumu mwenzake. Ndipo nikaiomba kamati ya vifaa isitupe hata moja. Kila kamba iliyokatika iliwekwa kwenye bahasha, na juu yake yakaandikwa upinde ilikotoka na siku ilipokatika. Tulipozimwaga mezani na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, alikuwepo baba wa kijana wetu mmoja, mvuvi, mtu aliyeshona nyavu tangu utotoni. Hakuhitaji kioo. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kamba ya kwanza, akasimama karibu na kitanzi, akaikunja, na chembe za mchanga zikamdondokea kiganjani. "Hii mliilaza chini," akasema. Tuliilaza chini, naam, na si hiyo peke yake.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Zetu zilikatikia panene, na hilo ndilo ninalotaka mlishike. Karibu zote zilikatika mahali palipozungushiwa uzi wa juu, ule tunaouita sevingi: ama katikati, pale noki ya mshale (ule mwanya wa nyuma unaoshika kamba) inapokaa, ama kwenye kitanzi, pale kamba inapokumbatia ncha ya upinde. Sehemu ile nyembamba iliyo wazi, ambayo ndiyo tunayoikagua na kuipaka nta kwa bidii, ilikuwa nzima. Sevingi huilinda kamba, lakini pia huificha. Nyuzi za ndani zinaweza kukatika mojamoja kwa majuma huku nje kila kitu kikionekana sawa.

Nieleze kidogo kinachotokea. Wengi hudhani kamba hubeba mzigo mkubwa pale mvutaji anapofika kidevuni. Kishindo kikubwa huja baada ya kuachia, kamba inaponyooka na mikono ya upinde, yaani zile sehemu zake mbili zinazopinda, kusimama ghafla. Mshale ndio unaobeba sehemu kubwa ya nguvu ile na kuondoka nayo. Kama hakuna mshale, nguvu yote hubaki kwenye upinde na kamba. Ndiyo maana kufyatua upinde mtupu ni kosa tusilolifanyia mzaha uwanjani. Vijana wapya huvuta na kuachia ili kusikia mlio, na wazazi, samahani, nanyi hufanya hivyo mkisubiri watoto.

Kuna njia mbili za kufyatua mtupu bila kukusudia, na zote tumeziona. Ya kwanza ni noki mbovu. Mshale uliogongwa na mwenzake kwenye shabaha huweza kupata ufa mdogo kwenye noki, na siku nyingine noki ile hupasuka wakati wa kuachia, kamba ikapita bila kubeba kitu. Kila mshale uliogongwa ukaguliwe noki kabla ya kurudi podoni. Ya pili ni mshale mwepesi mno. Watengenezaji wa pinde za kompaundi, zile zenye magurudumu kwenye ncha, hutumia sana kipimo cha greni 5 kwa kila paundi ya uzito wa kuvuta, kikiwa ndicho kiwango cha chini kabisa. Kwa upinde wa paundi 40 hiyo ni greni 200, yaani gramu 13 hivi. Kwa pinde za rikavu, zile ambazo ncha zake hupinda kuelekea mbele, na za mbao ni heri kwenda juu zaidi ya hapo. Mwenzetu mmoja alinunua mishale myepesi ili ifike mbali. Ilifika mbali. Kamba yake haikumaliza mwezi.

Noki pia yapasa ikae vizuri kwenye kamba. Ikibana sana, kila mshale huitafuna sevingi. Ikilegea, mshale huweza kudondoka mkiwa mmeshavuta. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa: ning'iniza mshale kwenye kamba ukielekea chini, kisha gonga kamba kwa kidole karibu nao. Mshale yapasa ubaki umeshika kabla hujagonga, na uanguke ukigonga.

Kosa lililonishtua zaidi ni letu sisi wakubwa. Kwenye kamba kadhaa, zilizokatika karibu kabisa na mwisho wa sevingi, nyuzi hazikuwa zimechanika. Zilikuwa na vidonge vigumu vinavyong'aa, kama nailoni iliyoguswa na moto. Ndivyo zilivyokuwa hasa. Tulipomaliza kuzungusha uzi tulichoma mwisho wake kwa kiberiti cha gesi ili usifumuke, na moto ukalamba kamba yenyewe. Kamba nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa polyethilini ya nguvu, jamii ya Dyneema, ambayo kwa uvutano hushinda chuma cha uzito uleule lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi tu za Selsiasi. Mwali wa kiberiti ni zaidi ya hapo mara nyingi. Kuanzia leo mwisho wa sevingi ufichwe chini ya mizunguko yake yenyewe na kuvutwa, kama vile mvuvi amaliziavyo uzi kwenye ndoana, na kiberiti kibaki jikoni.

Udhaifu huohuo wa joto ndio unaotufanya tukataze kuacha pinde ndani ya gari juani. Gari lililofungwa hapa kwetu pwani hupata joto la kutosha kuilegeza kamba ya aina hiyo ikiwa imevutwa, nayo hurefuka na isirudi. Si kamba tu. Gundi inayoshika tabaka za mikono ya upinde nayo haipendi joto hilo. Mwenye rikavu aishushe kamba akimaliza. Anayesema hana muda wa kuishusha huwa ana muda wa kunywa soda mbili.

Mchanga niurudie, maana uwanja wetu ni wa mchanga na hilo hatuwezi kulibadilisha. Nta hufanya kazi nzuri: huziweka nyuzi pamoja, huzuia kamba isitoe manyoya, na huzipunguzia kusuguana. Lakini nta mbichi hunasa kila chembe inayopita, na chembe ya mchanga ndani ya nyuzi zinazokazwa na kuachiwa ni msasa. Tulikuwa tunapaka nta kisha tunalaza pinde chini. Utaratibu mpya ni huu: kwanza ifute kamba nta kuukuu kwa kuzungushia kipande cha uzi mwembamba na kukitelezesha toka juu hadi chini (mtaona uchafu wenyewe unavyotoka), kisha paka nta kidogo, isugue kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani, halafu upinde utundikwe. Fundi seremala ametuahidi vitundikio vya mbao kabla ya msimu kuanza. Sevingi yenyewe haipakwi nta.

Kuhusu vitanzi, chanzo kilikuwa ncha za pinde za mazoezi, zile kuukuu. Chukueni pamba ya dukani, ipitisheni taratibu kwenye mfereji ambamo kamba hukaa na pembezoni mwa ncha. Pamba ikinasa, hapo pana ukali, na pale ndipo kitanzi kinapokatwa. Kwa kompaundi fanyeni hivyohivyo kwenye magurudumu yake. Ukali mdogo kwenye ncha ya mbao husawazishwa kwa msasa laini. Kwenye gurudumu la kompaundi msiguse, leteni kwa mkufunzi. Na zile alama za shaba zinazobanwa kwenye kamba kwa koleo kuonyesha pa kuweka noki, zilizobanwa kwa nguvu za fundi baiskeli, tumeziondoa zote. Zilikuwa zinakata sevingi na kilicho chini yake. Alama ya uzi wa kufunga inatosha.

Kuna waliouliza kama tununue kamba nene zaidi. Swali zuri, lakini jibu si hilo. Uzi mmoja wa dakroni (poliesta inayonyumbuka kidogo) ya aina ya B-50 huhimili paundi 50 hivi kabla ya kukatika. Kamba ya nyuzi 12, ambayo ndiyo ya kawaida kwa pinde za paundi 35 hadi 45, ina jumla ya paundi 600 ikiwa mpya. Nguvu ipo ya kutosha na kubaki. Ukizidisha nyuzi utaongeza uzito, mshale utapungua kasi, na noki haitaingia. Wala kamba ngumu isiyonyumbuka si dawa ya pinde zetu za zamani za mbao. Ncha zao hazikuimarishwa kwa ajili yake, na badala ya kukatika kamba itapasuka ncha. Hizo zibaki na dakroni. Tusisahau pia somo la Kevlar, uzi mwingine wa kiwandani, iliyopendwa na walenga shabaha kabla ya polyethilini kuingia. Ilikuwa haivutiki, mishale ilikwenda kasi, lakini haikustahimili kukunjwa mahali pamoja pale penye noki, na ilikuwa inakatika bila kuaga. Uimara wa kuvutwa na uimara wa kukunjwa ni mambo mawili.

Na kabla hamjasema kwamba wazee walipiga mishale bila taabu hizi: Wahadza, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi huko Tanzania, hutumia upote wa mishipa ya wanyama, nao huuangalia kuliko sisi tunavyoziangalia kamba za dukani. Mishipa ikilowa hulegea. Kamba zetu za kisasa hazijali mvua, na nadhani hilo ndilo lililotupa uvivu.

Ajali ya kijana wetu mliisikia. Kamba ilikatika akiwa amevuta, kipande kikampiga shavuni chini ya jicho. Alipona, alhamdulillahi, na anarudi mazoezini. Upinde wake haukupona: mkono wa chini ulipasuka tabaka. Kamba yake ilikuwa imetoa ishara. Uzi mmoja ulikuwa umekatika tangu juma lililotangulia, na mtu mmoja, ambaye hatumtaji hapa, alimwambia "bado inafaa." Uzi mmoja ukikatika kamba hiyo imekwisha, hata kama iliyobaki yaonekana imara. Sevingi ikiachana, ivuliwe na kuzungushwa upya baada ya kukagua nyuzi za chini. Na kamba ikirefuka ghafla, yaani umbali kati yake na kishikio ukipungua bila sababu, jueni kuna kitu kinachoachia ndani. Ipimeni kila mkianza mazoezi. Kamba ikishakatika, upinde huo usivutwe tena siku hiyo hata mkipata kamba nyingine mara moja. Mikono ikaguliwe kwanza kwa macho na kwa kuikunja polepole, sikio likiwa karibu.

Wanaoshindana wawe na kamba ya akiba iliyokwisha kutumika. Kamba mpya hurefuka kidogo mishale ya mwanzo na alama ya noki husogea, kwa hiyo iliyotoka kwenye pakiti asubuhi ya shindano si akiba. Kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wetu, kifaa kikiharibika kwenye mzunguko wa kufuzu unaweza kupewa hadi dakika 15 kufidia mishale. Kwenye mapambano ya mtu na mtu hakuna muda wa ziada. Mmoja wetu alijifunza hilo mwaka huu mbele ya hadhira.

Kamati imeamua mambo yafuatayo na inaomba mkutano uyaridhie. Fedha tulizotenga kwa pinde mbili mpya zinunue fremu ya kusokea kamba, nyuzi na sevingi, ili kamba za chama tuzitengeneze wenyewe. Zile tulizoagiza mtandaoni hazikuandikwa hata zimetengenezwa kwa uzi gani, na muuzaji hajibu. Kila upinde wa chama utakuwa na kadi inayoonyesha siku kamba ilipofungwa, aina ya uzi na idadi ya nyuzi. Kamba za mazoezi zinazotumika kila juma zitabadilishwa kila mwaka hata zikionekana nzima. Nafahamu wapo wanaoona huo ni ubadhirifu. Bei ya mikono ya upinde imo kwenye hesabu za mweka hazina, ukurasa wa pili, linganisheni wenyewe.

Mkufunzi ataendesha somo la kusokota kamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Njooni na upinde wako, mkasi unaokata kweli, na pamba. Sasa namkaribisha mweka hazina.

Mwenyekiti