Kituo kinapima vizuri, mbona barua pepe ya tahadhari haifiki?

Kila mvua za Desemba zinapokaribia tunapigiwa simu zinazofanana. Kituo cha hali ya hewa kiko juu ya paa, joto linaonekana kwenye skrini, upepo unaonekana, lakini barua pepe ya tahadhari haiji. Au ilikuwa inakuja vizuri, ikakoma ghafla. Mteja anakuwa ameshaamua kwamba kifaa kimekufa na anauliza bei ya kipya. Tunamwomba asubiri kwanza, kwa sababu vihisi vya juu ya paa mara nyingi ni vizima. Kinachokwama ni safari ya barua, kuanzia kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani hadi kwenye simu ya mwenye kituo.

Tutaeleza zaidi kwa wanaotumia programu ya WeeWX, inayokusanya vipimo vya kituo, kwenye ile kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi (au Pi tu), maana ndio tunaowahudumia zaidi hapa Dodoma. Ukitumia Cumulus MX, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, majina ya sehemu za kujaza yatatofautiana, ila mambo ya nenosiri, poti na umeme ni yale yale.

Tuanze na nenosiri. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena programu ya nje kuingia kwenye akaunti ya kawaida ya Gmail kwa nenosiri lile unaloingilia mwenyewe. Unatakiwa uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri la programu lenye herufi 16, na hilo ndilo unaloliandika kwenye mipangilio ya kituo. Google inalionyesha likiwa limegawanywa mafungu manne. Liandike lote pamoja bila nafasi. Kumbukumbu za programu (log) zikionyesha namba 535, maana yake seva imefikiwa, imekusikia, ikakataa jina au nenosiri lako. Usihangaike na ruta wala bando, rudi kwenye nenosiri.

Wale ambao barua zao zilikuwa zinafika zikakoma, tunawauliza swali moja: ulibadilisha nenosiri kuu la Gmail hivi karibuni? Ukilibadilisha, Google inafuta manenosiri ya programu uliyokuwa umeyatengeneza, na kituo kinabaki kinagonga mlango kwa ufunguo wa zamani. Ndiyo maana tunasisitiza kituo kiwe na akaunti yake, mbali na ile unayotumia kwa benki na kazi. Nenosiri hilo linakaa wazi kabisa ndani ya faili la mipangilio, na yeyote atakayeichomoa kadi ya kumbukumbu anaweza kulisoma. Akaunti ya kituo ikivuja, hasara yake ni ndogo.

Kuhusu poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva ya barua, tumia 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL; hizo ni njia mbili za kuyafunga mawasiliano yasisomwe njiani. Ukizichanganya, barua haitoki, na programu inaweza kuning'inia kimya mpaka muda unaisha. Poti 25, inayotajwa kwenye maelekezo ya zamani, iache; mitandao mingi huifunga kwa wateja wa nyumbani ili kuzuia barua taka.

Hapo barua itatoka. Kazi kubwa inayobaki ni kuiambia itoke lini, na hapo ndipo tunapotumia muda mrefu zaidi na wateja.

Mzee mmoja anayelima zabibu upande wa Hombolo alitupigia akiwa amechoka kweli: "Vijana wangu, hiki kituo kinaniambia kuna joto kali saa kumi usiku, na mimi nimejifunika blanketi." Alikuwa ameweka sharti kwamba joto la nje likizidi 33 apate barua. Sharti lilikuwa sahihi kwa mtu wa Dodoma, ila WeeWX huhifadhi takwimu zake kwa vipimo vya Kimarekani usipoichagulia vingine mwanzoni, na mfumo wa tahadhari unasoma takwimu hizo moja kwa moja hata kama ukurasa unaoutazama unaonyesha selsiasi. Nyuzi 33 za farenhaiti hazifiki hata nyuzi moja ya selsiasi. Dodoma hatuna usiku wa namna hiyo, kwa hiyo sharti lilikuwa linatimia saa zote, na kila muda wa kusubiri wa sekunde 3600 ulipoisha barua nyingine ilitoka.

Fungua faili la mipangilio, tafuta sehemu ya StdConvert, uone target_unit imeandikwa nini. Ikiwa ni US, usiibadilishe kwa pupa wakati hifadhi yako tayari ina takwimu za miaka. Badilisha namba za masharti. Joto lizidishe kwa 1.8 kisha ongeza 32, hivyo 33 inakuwa 91.4. Mvua ya milimita igawanye kwa 25.4 upate inchi. Kilomita kwa saa zigawanye kwa 1.609 upate maili.

Mvua ina mtego wake mwingine. Mtu anaandika kwamba rain ikizidi milimita 20 aarifiwe, akidhani kituo kinajumlisha mvua ya siku nzima. Kumbe sharti linaangalia rekodi moja, ambayo kwa kawaida ni ya dakika tano. Milimita 20 ndani ya dakika tano ni gharika, kwa hiyo mvua nzito ya kawaida itapita na barua hutaiona. Tumia rainRate, yaani kasi ya mvua kwa saa. Kwa vipimo vya Kimarekani, inchi 0.8 kwa saa ni kama milimita 20 kwa saa. Hapo tahadhari itakukuta wakati korongo la nyuma ya shamba linaanza kujaa.

Namba gani zinafaa huku kwetu? Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Nyingi hushuka kwa vishindo vifupi. Kwa hiyo kasi ya mvua ndiyo tahadhari ya kwanza tunayoifunga, hasa kwa wenye nyumba karibu na makorongo. Kwa mkulima wa zabibu tunaongeza upepo, maana ukizidi kilomita 15 hivi kwa saa dawa inapeperuka badala ya kukaa kwenye majani, na ni afadhali ajue kabla ya kuwapeleka vibarua shambani. Mfugaji wa vifaranga atataka baridi ya Juni na Julai, alfajiri joto linaposhuka kuelekea nyuzi 13. Zaidi ya tahadhari tatu hatukushauri. Barua zikiwa nyingi, baada ya wiki mbili utaacha kuzifungua, na ile uliyoihitaji itakaa humo bila kusomwa.

Halafu kuna suala la umeme, na tunaomba ulichukulie kwa uzito. Dhoruba unayotaka kuarifiwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukata umeme. Vihisi vya nje vina betri na paneli yake ndogo ya jua, vinaendelea kupima, lakini Raspberry Pi imezimika na ruta imezimika. Tahadhari inakosekana saa ile ile inapohitajika. Ukiweka betri ya akiba kwenye Pi na kuisahau ruta, umefanya nusu ya kazi. Vyote viwili viunge kwenye akiba moja.

Umeme ukirudi, saa nayo huleta shida. Raspberry Pi 4 na za nyuma yake hazina saa yenye betri ndani, na Raspberry Pi 5 inayo lakini betri yake unainunua kando. Ikiwaka bila intaneti inaweza kudhani bado ni siku iliyopita. Rekodi zinaandikwa kwa muda usio sahihi, na saa ikiwa nyuma sana seva ya barua nayo inakataliwa, kwa sababu cheti chake cha usalama kinaonekana kama hakijaanza kutumika. Kijisaa cha DS3231 chenye betri ya kidonge kinalimaliza hilo. Na ukikuta barua zinaonyesha muda uliobaki nyuma kwa saa tatu kamili, kompyuta imeachwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa, ichagulie Africa/Dar_es_Salaam.

Kwa kila kituo tunachofunga tunaweka pia barua moja ya kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, yenye joto la chini la usiku, mvua ya jana na hali ya betri za vihisi. Kituo kilichozimika hakiwezi kukuandikia kwamba kimezimika. Asubuhi usipoiona barua hiyo, unajua kuna jambo, na una mchana mzima wa kulishughulikia kabla ya mawingu ya jioni.

Kabla mvua hazijaanza, panda ukakague kipima mvua. Kiangazi chetu ni kirefu na kina vumbi, na buibui wanapenda kujenga ndani ya faneli. Tumekuta tundu limezibwa kwa udongo mgumu kama saruji, na chini yake vijiko vya kupimia vikavu huku nje kumenyesha. Safisha, kisha mimina maji kidogo kidogo na usikilize vijiko vikipinduka, tik, tik. Kwenye vituo vingi kila mlio ni milimita 0.2. Ukimwaga kwa kasi ya kutosha na barua ikafika kwenye simu yako, umepima njia nzima kwa mkupuo mmoja. Usisahau tu kuifuta mvua hiyo ya majaribio kwenye takwimu.

Kituo chako kinaeleza kinachotokea kwenye paa lako. Utabiri na tahadhari rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na wakitangaza mvua kubwa, wasikilize hata kama kituo chako kimenyamaza.

Ukikwama, tuandikie. Tuma mistari ishirini hivi ya mwisho ya kumbukumbu za programu, picha ya mahali Pi na ruta zilipochomekwa, na utueleze ni lini mara ya mwisho barua ilifika. Matatizo mengi tunayamaliza kwa simu. Nenosiri usitutumie kwa WhatsApp wala kwa ujumbe. Likihitajika utaliandika mwenyewe tukiwa tunakuelekeza.