Barua kwa mwanangu anayependa kuandika ushauri wa maisha

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Babako hajambo, wadogo zako pia hawajambo. Umeniuliza kama kuna kazi ya kweli kwa mtu anayependa kuandika ushauri wa maisha, au kama itabidi umalize Chuo Kikuu cha Egerton, utafute ajira ya kawaida na kuandika usiku tu. Kazi ipo, tena ya namna nyingi, ila wengi huianzia mwisho. Wanaanza na kitabu, na kitabu ndicho kinacholipa polepole kuliko vyote. Hesabu yake nitakuonyesha. Kinachonunuliwa mapema ni uwezo wa kumpa mtu hatua anazoweza kuzifuata kesho asubuhi. Uwezo huo una wateja Nakuru, Kisumu, Kakamega na hata kwenye vituo vidogo vya soko, lakini wateja hao hawatangazi nafasi gazetini. Huwa ni wewe unayewaendea.

Kwanza tuangalie maandishi yenyewe. Sentensi kama "Jiamini, weka akiba, na ndoto zako zitatimia" haimsaidii mama anayeuza samaki katika ufuo wa Dunga. Kujiamini anako, maana bila huko asingekuwa ziwani alfajiri. Shida yake ni kwamba pesa za mtaji na pesa za unga ziko katika mfuko mmoja wa aproni. Anayeijua kazi hii atamwandikia hivi: "Ukimaliza kuuza, kabla hujanunua chochote, toa kwanza kiasi ulichonunulia samaki asubuhi. Kitume kwenye laini ya pili, ile usiyokwenda nayo sokoni. Kinachobaki mkononi ndicho faida, na humo ndimo utakamotoa unga, nauli na mchango wa chama." Hapo kuna wakati, mahali, kiasi na utaratibu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba anayepanga ni lini, wapi na vipi atafanya jambo hulitimiza zaidi kuliko anayesema tu kwamba anakusudia. Kwa hivyo kila ukurasa utakaouandika ujibu maswali hayo matatu. Usiojibu, ufute.

Jihadhari pia na madai yanayorudiwa kila mahali. Utasikia kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010 wastani ulikuwa siku 66. Makadirio ya mtu mmoja mmoja, mengine yakipita wiki hizo 12, yalitoka siku 18 hadi 254. Ukimwahidi msomaji siku 21, ikifika ya 22 naye bado anajivuta, atajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Huo ni uonevu, hata kama hukuukusudia.

Mlango ulio karibu nawe zaidi ni SACCO, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Elimu kwa wanachama ni mojawapo ya kanuni saba za ushirika duniani, kwa hivyo chama chenye uhai huwa na kamati ya elimu na fungu lake katika bajeti. Walimu wana chama chao, vivyo hivyo wafanyakazi wa chai upande wa Nandi, wakulima wa miwa na waendesha boda. Wanachokosa ni kijitabu kinachoeleweka na mtu wa kukifundisha. Mikutano mikuu ya mwaka huwa katika miezi ya mwanzo, basi barua yako iwafikie Oktoba au Novemba. Iwe ya ukurasa mmoja tu. Taja tatizo moja la wanachama, tuseme watu kudhaminiana mikopo bila kuelewa wanachotia sahihi. Kisha eleza somo la dakika 90 kwa watu wasiozidi 30, kijitabu cha kurasa 16, na bei. Kijitabu cha kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawike kwa nne. Ukileta 18, mchapaji atafanya 20, na zile mbili tupu utazilipia.

Dakika hizo 90 zigawe hivi: 10 za kisa, 20 za maelezo, 35 za kufanya zoezi kwa kalamu, 15 za maswali, na 10 za kila mtu kuandika hatua moja atakayoichukua wiki hiyo. Mkutano utachelewa kuanza, huo ndio ukweli wa mikutano yetu, na mwenyekiti atakuomba ufupishe. Kata maelezo. Zoezi usiliguse, kwa sababu ndilo watu wanalorudi nalo nyumbani. Ukishafundisha mara kadhaa, jisajili kama mkufunzi kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo, na mwajiri anaweza kudai kurudishiwa gharama ikiwa mkufunzi aliyemtumia amesajiliwa. Kwa kampuni, hilo ndilo linaloamua kama utaitwa wewe au mwingine.

Mlango wa pili vijana wengi hawaujui: mashirika ya afya na ya kilimo yanayowatumia watu meseji za ushauri. Huko maandishi ya kujiendeleza yanabanwa mpaka yabaki mfupa. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Ukitia emoji moja tu, meseji nzima huhamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu, nao ni ritifaa, kile kialama cha juu katika ng'. Ukiandika "ng'ombe" katika programu ya kompyuta, mara nyingi ritifaa hujipinda yenyewe, na ile iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za simu. Basi ushauri wa herufi 150 kuhusu kukamua kwa usafi, uliodhani ni meseji moja, unatumwa kama tatu. Shirika linalotuma kwa wakulima 5,000 linalipia meseji 15,000 na halijui kwa nini. Zima mpindo huo katika mipangilio ya programu, na kabla ya kukabidhi kazi pitia kila ng' kwa jicho. Mwandishi anayelijua hili, hata kama ni hili tu, huitwa tena.

Halafu yajaribu maandishi kwa watu. Tafuta wanane hadi kumi wanaofanana na walengwa, umpe kila mmoja asome peke yake. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwambie akueleze kwa maneno yake atakachokifanya, na wapi, na kwa kutumia nini. Watatu wakikwama pahali pamoja, kosa liko kwenye sentensi yako.

Redio inalipa kidogo lakini inakujulisha kwa watu. Kiswahili kinachosomwa bila haraka ni kama maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kwa hivyo kipande cha dakika tatu ni maneno 350 hivi. Sentensi ziwe fupi, na tarakimu uzikadirie: "karibu nusu" husikika vizuri kuliko asilimia 47. Wapelekee vipande sita vilivyokamilika, usipeleke wazo. Vituo vingi havina fungu la mwandishi wa nje, basi nenda ukiwa na mdhamini mkononi, pengine ile SACCO uliyoifundisha. Safu ya gazeti kama Taifa Leo ni njia ya namna hiyo hiyo. Maneno 600 hadi 700 yanatosha.

Kuwaandikia wengine ndiko kunakolipa vizuri zaidi kwa mtu mmoja asiye na ofisi, na nakusihi ukufikirie. Wachungaji, walimu wakuu waliostaafu na wafanyabiashara wana mafunzo ya maisha wanayotaka yawe kitabu, ila hawawezi kukaa chini wakaandika. Hesabu mahojiano kumi ya saa moja moja. Saa moja ya sauti huchukua kama saa nne kuiandika, nayo hutoa maneno elfu sita hivi. Utakuwa na rundo la maneno elfu sitini, na kitabu kizuri cha aina hii hakihitaji zaidi ya elfu 35 au 40. Kazi kubwa iko katika kutupa, kisha kupanga kilichobaki kiwe hatua. Malipo yagawe mara nne: mkisaini, ukikabidhi mpangilio wa sura, ukikabidhi rasimu ya kwanza, na ukikabidhi ya mwisho. Usiwashe kinasa sauti kabla ya fungu la kwanza kuingia. Andika pia katika mkataba kwamba marekebisho ni mizunguko miwili. Bila hivyo mteja atamwonyesha shemeji yake, shemeji atakuwa na maoni, na kazi ya miezi minne itafika mwaka. Fahamu vilevile kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa kuandika huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka jina lako lionekane, hata kwa herufi ndogo ukurasa wa pili, liseme kabla ya sahihi.

Uhariri na tafsiri ya vitabu vya aina hii ni kazi za heshima, na jicho lako la kisarufi linatosha kuanzia. Anza na vijitabu vya makanisa na shule.

Sasa kitabu chako mwenyewe. Tuseme bei dukani ni shilingi 700 na duka linachukua punguzo la asilimia 35. Kwa mchapishaji zinabaki 455. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi, wa asilimia 10 ya hizo ni shilingi 45 na senti 50. Nakala 1,000, ambazo si haba kwa kitabu cha Kiswahili kisicho cha shule, zitakupa 45,500, na ukikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ile anayoikata anayekulipa na kuipeleka serikalini, unapokea 43,225. Hizo hulipwa mara moja kwa mwaka kwa kawaida. Ukijichapishia, mgawo wako unakua, ila hasara pia ni yako: chapa nakala 200 au 300 kwanza, hata kama mchapaji anakuonyesha kwamba 1,000 zina bei nafuu kwa kila moja. Nafuu hiyo inaliwa na mchwa na unyevu chini ya kitanda. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Ina tarakimu 13, na za Kenya huanza 978-9966 au 978-9914. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina yake. Ukiuza kupitia Amazon, kitabu cha kielektroniki cha dola 2.99 hadi 9.99 kinaweza kukupa asilimia 70, na nje ya bei hizo asilimia 35. Ila mauzo ya Marekani hukatwa kodi asilimia 30 kabla hayajakufikia, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo.

Mpaka mmoja usiuvuke. Kuanzia sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, huwezi kujiita mshauri nasaha bila kusajiliwa na bodi yao. Wewe ni mwandishi na mkufunzi, jiite hivyo. Ukivutwa na kazi ya kukaa na mtu mmoja mmoja, itabidi uisomee na usajiliwe. Na watu watakuletea mambo mazito, hasa ukisikika redioni. Mwishoni mwa kila kijitabu weka namba za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto, 1195 ya ukatili wa kijinsia. Zipige mwenyewe kabla ya kila chapa kuhakikisha zinajibiwa.

Visa vya watu usivitumie bila ruhusa iliyoandikwa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe. Kubadilisha jina hakutoshi huku kwetu. Ukiandika "mwalimu wa fizikia wa Lurambi aliyefiwa na mume mwaka jana", Kakamega nzima imeshamjua. Badilisha kazi, umri na kaunti, kisha msomee mwenyewe akubali.

Kuhusu pesa, uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, na ujue kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, maana kampuni isiyopata ankara hiyo itakukwepa. Kila ukikatwa asilimia 5, dai cheti cha zuio; utakihitaji ukijaza fomu kabla ya Juni 30.

Likizo hii andaa sampuli tatu tu: kijitabu cha kurasa 16 kwa SACCO moja unayoijua hapo Nakuru, vipande sita vya redio, na meseji kumi za mafunzo kwa wafugaji wa Njoro. Vyote viwe juu ya tatizo moja, ili anayevisoma aone unavyolibeba jambo hilo hilo kwa namna tatu. Kijitabu nitumie kwanza, nikisome kabla hakijakwenda kwa mchapaji. Meseji nitumie kwa simu, si kwa barua pepe, nione zinafika ngapi.

Ni mimi,
Mamako