Barua ya wazi kwa wanangu mnaoanza shahada ya mazingira

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa mwaka wa kwanza hasa. Nimelifundisha somo hili mpaka nikastaafu, na kila mwaka wa masomo ulipofunguliwa nilitamani niwakusanye wanafunzi wapya niwaambie jambo moja kabla hawajazama kwenye ratiba. Muda haukutosha. Leo ninao, basi nisikilizeni.

Wengi wenu mmeichagua shahada hii kwa uchungu. Mmeona mto umebadilika rangi, msitu umefyekwa, jaa la taka limesogea hadi milangoni mwa watu. Msiuache uchungu huo, ndio utakaowaamsha alfajiri siku za mitihani. Ila uchungu peke yake hauwezi kusimama mbele ya mtu aliyekuja na takwimu zake mkononi. Ninachowaomba ni hiki: jifunzeni kupima.

Shahada hii ni pana mno. Katika wiki moja mtapita kwenye ikolojia, udongo, kemia ya maji, sheria, uchumi, sera na hali ya hewa. Inapendeza, na ina mtego. Mtu anaweza kufaulu masomo yote hayo, akavaa joho, akawa na la kusema juu ya kila jambo na asiwe na hata moja analoweza kulifanya kwa mikono yake. Kisha kwenye usaili wa kazi anaulizwa swali jepesi, "Unajua kufanya nini?", na anakosa jibu. Kwa hiyo ifikapo mwaka wa pili, kila mmoja awe na fani moja aliyoizamia: kemia ya maji, au takwimu, au ramani na picha za setilaiti, au sheria za mazingira. Mengine yasomeni kwa bidii, lakini hiyo moja muijue kiasi cha kutafutwa na wenzenu. Na wale mliokuja huku mkidhani mmezikimbia hesabu, poleni, zimewatangulia. Chukueni takwimu mapema, msizisubirishe hadi mwaka wa mwisho.

Nataka mwone kupima kulivyo. Kuna kipimo cha kujua maji yamebeba uchafu wa kuoza kiasi gani. Unajaza chupa hadi shingoni, kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa, unapima oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Chupa nyingine ya maji hayohayo unaifunga na kuiweka gizani, nyuzi joto 20, kwa siku 5. Gizani, kwa kuwa mwani ukipata mwanga utatengeneza oksijeni na kuvuruga hesabu. Siku ya tano unapima tena, na kilichopungua ndicho kilichotumiwa na bakteria walipokuwa wakiuvunjavunja uchafu. Sasa, ikitokea siku ya tano oksijeni imekwisha kabisa, mwanafunzi mgeni huandika kwa herufi kubwa kwamba mto umekufa. Hapana, mwanangu, kilichokufa ni kipimo chako. Pengine oksijeni iliisha siku ya pili, na hakuna ajuaye bakteria wangetumia kiasi gani zaidi kama ingalikuwepo. Ilikupasa uizimue sampuli tangu mwanzo, yaani uichanganye na maji safi, kwa viwango kadhaa, kisha uzidishe. Kutofautisha "mto huu ni mchafu sana" na "sijui mto huu ni mchafu kiasi gani" ndiko kusoma kwenyewe.

Mwanakemia Mmarekani Clair Patterson alikuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima madini ya risasi ndani ya vimondo. Majibu yakawa yanayumba, maana risasi ilikuwa imeenea kwenye vumbi na hewa ya maabara. Aliisafisha maabara kwa uvumilivu wa ajabu, na mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Angeweza kuishia hapo. Yeye akaurudia ule uchafu uliomsumbua, akauliza umetoka wapi, na sehemu kubwa ya jibu ikawa petroli iliyotiwa risasi. Wenye viwanda walimpinga kwa miaka mingi, lakini hawakupata pa kuvishika vipimo vyake. Alifariki mwaka 1995. Petroli hiyo ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuiacha.

Msije mkadhani kupima huanza na chombo. Huko Minamata, Japani, wavuvi waliwaona paka wao wakitetemeka na kuzunguka ovyo kabla ugonjwa haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Ilikuwa zebaki ya kiwanda cha kemikali, imeingia kwa samaki, kisha kwa paka na watu. Serikali ilikitambua chanzo hicho rasmi mwaka 1968. Miaka 12! Watu walizaliwa wakiwa wameathirika katika muda huo. Kwa hiyo mkienda uwandani, msifike na dodoso tu. Muulizeni mvuvi, muulizeni mama anayechota maji pale kila siku: ni nini kimebadilika, na lini? Kisha nyamazeni, asimulie. Mara nyingi atawaambia mahali pa kuchukulia sampuli.

Kuna jaribu moja litakalowafuata hadi kazini. Tathmini ya athari kwa mazingira ilianza kwa sheria ya Marekani mwaka 1970, na sasa nchi nyingi zinaidai kabla mradi mkubwa haujajengwa. Kwa kawaida anayelipia ripoti ni mwenye mradi, na mwenye mradi ana haraka. Mtaona watu wakinakili orodha ya miti na ndege kutoka ripoti ya mahali pengine kabisa. Nimezisoma ripoti za namna hiyo na zimeniumiza, kwa sababu kwa karatasi hizo watu huhamishwa na mito huchepushwa. Mkikataa kuandika msichokiona, huenda mkapoteza kazi moja au mbili. Kataeni.

Pia mtavunjika moyo, maana mihula mingine ni habari mbaya tupu. Ikifika hapo, someni kwa makini historia ya tabaka la ozoni, ile hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1974 wanakemia Molina na Rowland walionya kwamba kemikali za majokofu na makopo ya kupuliza zinaweza kuliharibu. Mwaka 1985 watafiti Waingereza wakatangaza kuwa ozoni juu ya Antaktika imepungua mno; waliijua hali hiyo kwa sababu kituo chao kilikuwa kimeendelea kupima tangu miaka ya 1950, hata wakati hapakuwa na jipya. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuziondoa kemikali hizo, ikatiwa saini, baadaye ikaridhiwa na nchi zote za Umoja wa Mataifa, na tabaka lile sasa linapona polepole.

Kuhusu utafiti wa mwaka wa mwisho, chagueni swali dogo. "Uchafuzi wa maji" ni mada ya maisha mazima. Kijito kimoja, juu na chini ya bomba moja la majitaka, kinatosha. Kwenye daftari andikeni tarehe, saa, kama mvua ilinyesha, na nani aliyechota. Ukikosea, pitisha mstari mmoja ili lililokosewa liendelee kusomeka, usifute. Na matokeo yakitoka, kabla hamjaweka nakala maktaba, warudieni wale waliowaonyesha kijito, mwaeleze mlichokipata kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, na mkae mjibu maswali yao mpaka yaishe.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu, ninayewaombea heri.