Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Jina langu liliitwa nikiwa nanyonyesha

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Shikamoo. Naandika kutoka Chanika. Mimi ni shahidi namba tatu katika kesi ya bodaboda aliyemgonga mtoto mbele ya genge langu la mboga. Niliona kwa macho yangu na nitayasema niliyoyaona. Sitafuti pa kukwepea.

Samansi ilinikuta na kichanga cha miezi minne. Saa tatu asubuhi uwe umefika, usipofika utakamatwa. Kwa mtu wa Chanika hiyo maana yake ni kutoka nyumbani kumi na moja alfajiri, mtoto mgongoni, daladala imejaa hadi mlangoni. Mara ya kwanza tulikaa benchi mpaka saa saba, tukaambiwa wakili ana udhuru. Kesi ikapigwa kalenda.

Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Mtoto alilia, askari akaniashiria nitoke. Nikakaa chini ya mwarobaini, nikamnyonyesha. Kumbe ndani jina langu linaitwa. Niliporudi, karani akaniambia nimeshaandikwa sikufika. Sikufika, na kanga yangu imelowa maziwa hapo hapo uani kwao!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri analazimika kuvumilia. Lakini samansi niliyopewa mimi haina hata mstari mmoja wa kuniuliza nina nani nyumbani.

Marekani, ambako raia wa kawaida huitwa kukaa juri, yaani kundi la raia wanaosikiliza kesi na kuamua, jambo hili wameliona: California mama anayenyonyesha anaweza kuahirishiwa wito hadi mwaka mmoja. Sisi hatuna juri, tena kwao mjumbe wa juri akikosekana ataitwa mwingine. Shahidi je? Niliyoyaona gengeni siwezi kumtuma jirani akayaseme. Kwa hiyo siombi kusamehewa, Mheshimiwa. Naomba nisikilizwe wa kwanza, kabla mtoto hajachoka, niwahi kurudi. Na kama kesi haitasikilizwa, karani anipigie simu jana yake. Namba yangu anayo.

Wala si sisi kina mama tu. Kwenye benchi lile alikuwepo baba mmoja aliyemwacha mama yake mwenye kiharusi na binti wa darasa la tano. Siku hiyo binti hakwenda shule. Yule baba kila mara anatoka nje na simu: "Bibi amekunywa uji? Umemgeuza?" Huyo naye angeitwa akiwa nje, angeandikwa hakufika.

Kesi yetu imepangwa tena mwezi ujao. Nitakuja na mtoto. Naomba tu askari wa mlangoni awe ameshaambiwa.

Shahidi namba tatu,
Chanika, Dar es Salaam