Umri peke yake usiamue upasuaji wa mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wazee wanaovunjika pingili za uti wa mgongo kwa sababu ya udhaifu wa mifupa, kisha familia zao zikaambiwa kwamba kwa umri huo upasuaji haufai, pasipo maelezo mengine.

Mama yangu, mkazi wa Ukerewe, aliinama kuinua ndoo ya maji, na tangu siku hiyo hakuweza kujigeuza kitandani. Katika kituo tulichoanzia, mhudumu alitazama kadi akasema miaka 81 ni mingi mno. Kitambulisho chake kinasema 76, na yeye mwenyewe anachokumbuka ni kwamba alikuwa msichana bendera ya uhuru ilipopandishwa. Uamuzi mzito kiasi hicho ukategemea tarakimu ambayo hata mwenyewe hana hakika nayo!

Sikatai kwamba umri una uzito wake. Kadiri mtu anavyozeeka, mfupa huzidi kuwa na vitundu vidogo ndani yake, skrubu zinazowekwa kuushikilia hulegea kwa urahisi, na baadhi ya wagonjwa huchanganyikiwa kwa siku kadhaa baada ya nusukaputi. Hata hivyo, matokeo hutegemea pia hali ya moyo na figo, kisukari, lishe, uimara wa mfupa wenyewe, na kama mgonjwa alikuwa akitembea na kujihudumia kabla ya kuvunjika. Bibi wa miaka 80 ambaye bado anaanika dagaa mwaloni anaweza kuivumilia operesheni kuliko mtu wa miaka 65 ambaye sukari yake haijadhibitiwa.

Wala sisemi kila mzee apasuliwe. Wengi hupona ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mkanda wa mgongo na kuanza kutembea mapema. Hata kudunga kwa sindano saruji ya kitabibu ndani ya pingili iliyovunjika, njia iliyoanzia Ufaransa katika miaka ya 1980, kulitiliwa shaka mwaka 2009, pale tafiti mbili zilipoilinganisha na tiba ya kuigiza, yaani bila kudungwa saruji yoyote, zisione tofauti ya maana. Lakini miguu ikipoteza nguvu au mkojo ukishindwa kuzuilika, mishipa ya fahamu imebanwa, na hapo kumwacha mzee kitandani kwa kisingizio cha umri ni kumkaribishia nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni.

Ninachoomba ni kwamba barua za rufaa zieleze mgonjwa alikuwa akiweza kufanya nini na ana maradhi gani, badala ya kutaja miaka tu.

Mama hakupasuliwa, na sasa anatembea kwa mkongojo. Daktari bingwa tuliyemwona hapa Mwanza alimpima nguvu za miguu, akatueleza kwamba mishipa yake ni salama. Umri aliuuliza mwishoni, alipokuwa akijaza fomu.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza