Tunaomba kusomewa mapato na matumizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ya wananchi kupewa taarifa za Serikali, haki ambayo sisi wa vijijini tunaijua zaidi kwa jina la kusomewa mapato na matumizi. Uhuru wa habari hujadiliwa sana mijini, na wengi wetu huudhania kuwa ni ugomvi wa wenye magazeti na Serikali, lakini mimi nimeuona mlangoni kwangu.

Mwaka jana kaya za kitongoji chetu zilichangishwa fedha za kukarabati kisima. Pampu ikafungwa, ikatoa maji majuma machache, kisha ikanyamaza. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, haukuitishwa mara mbili mfululizo. Nilikwenda kusoma ubao wa matangazo wa ofisi, nikakuta tangazo la chanjo lililopauka kwa jua na orodha ya majina ya uchaguzi uliokwisha kupita. Nikaandika barua kuomba taarifa ya michango na stakabadhi za fundi, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Siku 30 zilipokwisha nilirudi kufuatilia, nikaulizwa swali moja tu: “Mzee, hizo taarifa unazitakia nini?”

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, wala haimtaki ajieleze kwanza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo ndiyo iliyoweka hizo siku 30 za kujibiwa. Kasoro yake kubwa ni kwamba aliyenyimwa hulalamika kwa mkuu wa taasisi ileile iliyomnyima, kisha kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ndio wa mwisho. Mkulima wa alizeti atamfikiaje Waziri kwa ajili ya stakabadhi ya pampu? Na hata akimfikia, bado anayeamua ni sehemu ya Serikali hiyohiyo inayodaiwa taarifa.

Wenzetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka huohuo wa 2016, wakaweka siku 21, na rufaa wakaipeleka kwa tume huru. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya kisasa (SGR), iliyojengwa kwa mkopo wa China, itolewe kwa wanaharakati wawili walioidai, na Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi akachapisha baadhi ya nyaraka, ndipo Wakenya wakajisomea wenyewe kwamba mgogoro wa mkopo ule ungeamuliwa Beijing. Hazikutolewa zote, na sisemi kwamba wenzetu wamefika; ila njia ya kudai ipo na haiishii mezani kwa Waziri.

Februari 2022 Serikali yetu iliyarudishia leseni magazeti manne, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, nami nilifurahi kwa dhati. Lakini gazeti lenye leseni lisilopewa nyaraka litaandika nini? Mwandishi wa redio moja alikuja kijijini kwetu, akaturekodi sisi tuliochanga, akaenda ofisini kupata maelezo ya upande wa pili, akaambiwa msemaji hayupo, na alipopiga simu siku zilizofuata haikupokelewa. Habari ikarushwa kwa sauti zetu peke yake. Baadaye nilisikia akilaumiwa kwamba aliegemea upande mmoja, na waliomlaumu ni walewale waliokuwa na karatasi kabatini na kukataa kuzitoa.

Naliomba Bunge lirekebishe sheria ya 2016, rufaa ziende kwenye chombo huru kisicho chini ya Waziri. Wakati hilo linasubiriwa, viongozi wa vijiji wanaweza kubandika mapato na matumizi kwenye ubao kesho asubuhi, kwa sababu gharama yake ni karatasi na gundi.

Juma hili nimepeleka barua ya pili ofisini. Nakala yenye muhuri nakuambatishia hapa.

Wako,
Mkulima wa alizeti,
Mkoa wa Singida