Firigisi haimo mwilini mwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu mzazi aliyenisimamisha getini wiki iliyopita, maana najua wenye mawazo kama yake ni wengi. Alipita nyuma ya madarasa akakuta wanafunzi wangu wa Darasa la Tano wanazunguka uwanjani na vizibo vya soda mikononi, kelele juu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta asome. Kucheza hata nyumbani anacheza."

Sikumlaumu. Ila angesubiri kidogo angegundua kuwa mwanawe siku ile alikuwa damu.

Tunachora moyo chini kwa majivu, vyumba vinne, huku mapafu, kule mwili. Mtoto anatoka mwilini mikono mitupu, anaingia moyo upande wa kulia, anakwenda mapafuni, anaokota kizibo, ambacho ndicho oksijeni, anarudi moyoni upande wa kushoto, kisha anakipeleka mwilini. Kwenye kila mlango amesimama mwenzao mmoja, ndiye vali: kwenda mbele ruksa, kurudi nyuma marufuku. Siku ile vali mmoja alinogewa na hadithi za jirani yake, wenzake wakaanza kurudi walikotoka, chumba kikafurika. Msichana mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, moyo umejaa!" Hapo hapo nikawaeleza kwamba mafindofindo yasipotibiwa vizuri yanaweza kuja kuharibu vali za moyo. Nimefundisha somo hilo ubaoni miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniambia moyo umejaa.

Watu wanasahau kwamba mtoto haji darasani akiwa hajui kitu. Viungo vya ndani anavijua, tena vizuri, kutoka buchani na jikoni kwa mama yake. Mwanzo wa muhula niliwaambia wavitaje. Wakataja maini, figo, utumbo, bandama. Mmoja akasema firigisi, na karibu nusu ya darasa wakaitikia ndiyo. Sikucheka (nilicheka baadaye, ofisini). Kuku wamemwona akipasuliwa, binadamu hawajamwona. Hata hilo neno "maini" ni la bucha; kila mmoja wetu ana ini moja tu, lipo upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Na picha ya ukutani nayo ina mtego wake: moyo umeelekea kulia kwa anayeitazama, basi mtoto anakariri kuwa moyo uko kulia.

Nikiri kwamba si kila mchezo unafaa. Niliwahi kukata ini, figo na mapafu kwa maboksi, nikachora umbo la mtu kwenye kiroba, timu mbili zikashindana kubandika. Wanne wanakimbia, zaidi ya 80 wanashangilia. Majina waliyashika, lakini nilipouliza figo inafanya kazi gani, kimya. Nikauacha. Mchezo ambao kiungo hakifanyi kazi yake ndani yake ni riadha tu, na hapo yule mzazi angekuwa na haki ya kulalamika. Kamba ya mita 6, ambao ndio urefu wa utumbo mwembamba wa mtu mzima kwa makadirio, imenisaidia kuliko yale maboksi yote. Waliinyoosha kuanzia mlangoni mpaka dirisha la nyuma, kisha nikawapa kisanduku cha chaki, nikawaambia waiingize yote humo. Hakuna aliyeniuliza tena kwa nini utumbo umejikunja.

Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Kipindi ni dakika 40. Kutoka nje, kuchora, kurudi na kunawa majivu kunakula karibu nusu yake. Sayansi ipewe vipindi pacha, hata mara moja kwa wiki. Na wanaotunga mitihani, badala ya kila mwaka kumuuliza mtoto herufi B kwenye mchoro inaonyesha nini, wamuulize siku moja ingekuwaje B ikiacha kufanya kazi. Swali la kuchagua linaweza kuuliza hilo pia.

Alhamisi ijayo tunafanya figo. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, ambazo ni ndoo tisa za lita 20. Kati ya hizo mkojo ni kama lita moja na nusu, nyingine karibu zote zinarudishwa kwenye damu. Nataka watoto wazione hizo ndoo tisa zimepangwa mstari, na pembeni chupa moja ya lita na nusu. Shule ina ndoo nne. Mzazi yule akisoma barua hii, karibu sana, aje na ndoo.

Mwalimu wa Sayansi, shule ya msingi,
Morogoro